Maikrodayalisisi ya ubongo baada ya kiharusi kikubwa: tathmini yangu

Mgonjwa aliyezibwa mshipa mkubwa wa kati wa ubongo anaweza kuitambua sauti ya mwanawe jioni, na kesho yake asiamke, kwa sababu sehemu iliyokosa damu huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 5. Kwa hiyo nimekipima kifaa cha maikrodayalisisi, kinachopima kemikali ndani ya ubongo wenyewe, kwa swali moja: je, kinaonya mapema kiasi cha kumfikisha mgonjwa kwenye upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu kabla mboni ya jicho haijapanuka, dalili kwamba ubongo umeshabanwa?

Katheta, yaani mrija mwembamba wenye utando wa vitundu vidogo mno kwenye ncha, huingizwa ndani ya ubongo. Majimaji hupitishwa humo kwa kasi ya maikrolita 0.3 kwa dakika, na kila saa muuguzi hubadilisha kichupa chenye maikrolita 18, kiasi kisichofika hata tone moja. Humo mashine hupima glukosi (sukari), lakteti na piruveti (zinazotokana na seli kuitumia sukari hiyo), glutameti (kemikali ya mawasiliano ya neva) na gliseroli (sehemu ya mafuta ya kuta za seli). Uwiano wa lakteti kwa piruveti ukivuka 40 huku glukosi ikishuka, ni dalili kwamba seli zinakosa damu. Gliseroli ikipanda, kuta za seli hizo zinabomoka. Hapo ndipo ninapokithamini sana, kwa kuwa katika kiharusi cha aina hii shinikizo ndani ya fuvu linaweza kubaki chini ya milimita 20 za zebaki, kikomo cha kawaida cha tahadhari, ilhali ubongo umekwisha kuanza kusukumwa upande.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba husoma milimita chache tu kuzunguka ncha. Ikikaa kwenye tishu iliyokwisha kufa, hurudia yale ambayo picha ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) imeshaonyesha. Tena fuvu lazima litobolewe, na kwa mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hatari ya kuvuja damu si ndogo.

Uchambuzi wa pamoja wa majaribio matatu ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wasiozidi miaka 60 walioondolewa kipande cha fuvu ndani ya saa 48, asilimia 78 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 29 ya wasiopasuliwa. Kwa muda mfupi hivyo, ningekipendekeza kifaa hiki pale tu ambapo daktari wa upasuaji wa ubongo yupo usiku na mchana, na muuguzi anaendelea kumulika mboni kila saa, hata vichupa vinapoonyesha utulivu.