Kipima cheche cha 18,000 kimeikamata koili iliyotusumbua mwezi mzima

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nina hiki hapa: kipima cheche, cha kupimia koili, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kurusha cheche. Nimekinunua Gerezani, 18,000, na nimekipenda mno.

Hili gari, Toyota IST, ni la dada yangu, injini 1NZ. Kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyaga mafuta, limetulia kama maji mtungini. Likianza kupandisha Kimara na watu wanne ndani, linamisi, linatikisika mpaka aibu. Mashine ya kusoma makosa ya gari ilisoma kodi P0303, yaani silinda ya 3 inakosa moto. Sawa, lakini kosa ni la plagi, koili au nozeli inayomwaga petroli? Hilo haikwambii.

Fundi aliyelishika kwanza alichomoa plagi, akailaza juu ya injini, akapiga starta. Cheche ikaonekana, akasema koili nzima. Dada akauziwa plagi 4 mpya, gari likaendelea kumisi vilevile. Hii inaniudhi sana jamani! Plagi ya injini hii ina uwazi wa milimita 1.1 tu kati ya ncha zake. Huku nje kwenye hewa ya kawaida, hata koili inayokaribia kufa inauruka uwazi huo. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa, cheche inapita kwa tabu, na ukikanyaga mafuta mlimani tabu inazidi.

Sasa tazameni, sogeza kamera. Soketi za nozeli zote nimezichomoa, petroli isimwagike bure ndani. Koili ya 1 nimeitoa, boliti moja tu, spana namba 10. Kipima nakiingiza mdomoni mwake, klipu naibana kwenye chuma cha injini, ibane kwelikweli, na mkono wangu uko mbali, umeme huu si wa kuchezea. Skrubu hii ukiizungusha, ncha mbili zinaachana. Naanza na milimita 1. Piga starta! Cheche ipo. Naachanisha mpaka 10. Piga! Mmeisikia? Ta-ta-ta-ta, ya bluu, nene.

Haya, koili ya 3. Milimita 1, piga. Ipo, ndiyo ileile aliyoiona fundi. Milimita 5… ipo, ila imekuwa nyembamba, rangi ya chungwa. Milimita 10, piga. Piga tena. Hakuna kitu! Rudisha video mtazame wenyewe.

Vile vya kitaa kinachowakawaka ninavyo pia, bei nafuu kuliko hiki. Kitaa kinakwambia umeme umepita, hakikwambii una nguvu kiasi gani. Mimi sivitumii tena. Hizi namba za kilovolti ubavuni mwa hiki nazo sizitegemei sana, mimi nalinganisha koili kwa koili.

Kujiridhisha, nimehamishia koili ya 3 kwenye silinda ya 1 na tumepandisha Kimara. Kodi imehama, sasa inasoma P0301. Kwa hiyo dada ananunua koili moja tu, zile tatu zinabaki.

Ukienda kununua, zungusha skrubu mpaka mwisho na uirudishe kabla hujatoa hela. Cha kwanza nilichopewa kilikwama katikati, nikabadilishiwa palepale dukani.