Kuchonga boga ndani ya Ziwa Victoria: nilichopata kwa shilingi 180,000

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Oktoba nililipa shilingi 180,000 ili nishushwe mita sita ndani ya Ziwa Victoria nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni, nikae huko chini nichonge sura ya mtu kwenye boga, kisha nipande nalo juu. Huduma hiyo hutolewa na kampuni ndogo ya uzamiaji iliyoko upande wa Ilemela, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, na sitaitaja jina kwa kuwa nina malalamiko mawili matatu juu yake. Tangu siku hiyo watu wengi wameniuliza kama inafaa kutoa fedha hizo. Jibu langu ni kwamba inamfaa mtu ambaye tayari anajua kuzamia, na haimfai kabisa anayejifunza, hata kama tangazo lao linasema kila mtu anakaribishwa.

Mchezo wenyewe umetoka mbali. Wamarekani huchonga maboga kwa ajili ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, desturi ambayo wahamiaji kutoka Ireland waliivusha bahari wakiwa wamezoea kuchonga mizizi ya tanipu, nao wakakuta boga la Marekani ni kubwa na laini zaidi. Wazamiaji wa Key Largo, katika jimbo la Florida, wakaona si vibaya kulipeleka chini ya bahari, na hadi leo hushindana huko kila Oktoba. Wao wana maji ya chumvi yaliyo angavu, ambamo mtu humwona mwenzake akiwa mbali. Sisi tuna ziwa la rangi ya majani, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu katika siku yangu.

Tulikusanyika saa moja asubuhi kwenye gati dogo la mbao, watu wanane na wakufunzi wawili. Mapema hivyo ni sahihi, kwa sababu upepo wa ziwani huamka kadiri jua linavyopanda, na ifikapo saa sita mawimbi huwa yamekwisha kuyavuruga maji. Tulipokuwa tukipanga mitungi, mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akianika dagaa jirani alisogea, akapokea shikamoo zetu, akaitazama ile mitungi kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani amezama?" Nilimwambia hakuna aliyezama, tunakwenda kuchonga maboga. Hakucheka. Kwa watu wa umri wake, mzamiaji mwenye mtungi ni mtu aliyekuja kutafuta maiti: walionekana mwaka 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba, wakaonekana tena mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Nalitaja hili kwa sababu kampuni haikuwa imewaeleza wavuvi wa pale chochote, na nadhani ingekuwa adabu kufanya hivyo kabla ya kushusha mitungi kumi mbele ya macho yao.

Maboga yalikuwa yamenunuliwa sokoni, na hapa nawapa alama nzuri. Hawakuhangaika kutafuta yale ya rangi ya chungwa yanayoonekana kwenye picha, bali walichukua maboga yetu ya kawaida, ya kijani kilichopauka na mistari myeupe, yenye kilo nne hivi kila moja. Ubaya wa boga letu ni ganda. Aliyewahi kulipasua kwa panga jikoni anajua linavyokataa, na kisu cha wazamiaji, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya kukata kamba na nyavu, hulikwaruza tu. Kampuni ilitoa visu hivyo hivyo. Mimi nilinusurika kwa kuwa mwenzangu, kijana aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya shughuli hii, alikuwa amebeba msumeno mfupi wa kukatia matawi, wenye ncha butu, na bila msumeno huo tungepanda juu na boga lenye michubuko.

Sasa niseme juu ya kuelea, kwa maana utamu wote wa mchezo huu uko hapo. Boga lina uwazi ndani, na uwazi huo umejaa hewa. Boga la kilo nne lenye ukubwa wa kusukuma lita saba za maji linasukumwa juu kwa nguvu ya kilo tatu, na mtu akijaribu kushuka nalo amelikumbatia, ni boga ndilo litakalompandisha. Kwa hiyo kila boga lilivishwa wavu mdogo na kufungiwa vipande vya risasi, ile metali nzito ya kuzamishia, vya kilo tatu na nusu, likashushwa kwa kamba ya boya hadi chini. Tulilikuta limetulia juu ya jiwe, limepinda upande kidogo. Mwenzangu alilishika kwa magoti, mimi nikaanza kukata kifuniko, na msumeno ulipopenya ganda tu, povu moja kubwa likatoka kwa mlio niliousikia hadi masikioni, likafuatwa na mengine madogo, na mara boga ambalo dakika moja kabla lilikuwa likitaka kukimbilia juu likawa zito, likateleza kutoka kwenye jiwe na kuangukia tope. Sababu ni rahisi: maji yalikuwa yameingia mahali pa hewa, lakini risasi zilikuwa bado zimefungwa palepale. Hakuna mkufunzi aliyetuambia tuzipunguze mara tu boga linapotobolewa. Lile tope lilinyanyuka kama moshi wa kuni mbichi, na kwa dakika nne au tano sikuuona mkono wangu mwenyewe.

Ziwa, kwa kawaida yake, lina uono mdogo katika ghuba zetu, na asubuhi ile nilikadiria kama mita moja na nusu. Mwani ndio unaoyapa maji ile rangi, nao umestawi kwa sababu ya nitrojeni na fosforasi zinazoingia ziwani kutoka mashambani, mijini na kwenye mito. Katika uono wa namna hiyo, kuwa na watu kadhaa wenye visu mahali pamoja ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kampuni ilifikiri, nakiri: kila jozi ilikuwa na boya lake, maboya yalikaa mbalimbali, visu vilifungwa kwa kamba fupi kwenye ule wavu wa boga badala ya kwenye kiganja cha mtu, na mkufunzi mmoja alizunguka akifuata kamba iliyounganisha jozi zote. Nilimhisi akinigusa bega mara tatu. Kila aliponigusa nilimwonyesha kipimo changu cha hewa, naye akakiangalia kweli, akakisogeza hadi karibu na miwani yake, hakupita tu.

Kosa lao kubwa lilikuwa la risasi zetu sisi wenyewe, zile za mkanda unaomsaidia mzamiaji kushuka. Mimi nilijifunza kuzamia Unguja, ambako nilizoea kuvaa mkanda wa kilo sita. Nilipojaza fomu yao niliandika kilo sita, nao wakanipa kilo sita. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa karibu asilimia mbili na nusu, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake anafikia kilo 90 anapaswa kuondoa takribani kilo mbili anapohamia ziwani. Ningepaswa kulikumbuka mwenyewe, ndiyo, lakini mwenye ziwa ni wao. Nilishuka kama jiwe, nikatua kwa magoti kwenye tope, nikalazimika kujaza hewa nyingi kwenye koti la kuelea ili ninyanyuke, na kila nilipoinama kulikata boga hewa ile ilihamia upande mmoja wa koti ikanibinua. Mtu anayejifunza angefanya nini hapo, katika giza, akiwa na kisu? Ndiyo maana nasema haimfai. Kwa aliyekwisha kuzoea, ni kinyume chake: baada ya kuondoa kilo mbili na kumkabidhi mkufunzi, nilijikuta nikitumia pumzi tu kujiweka sawa, nikivuta kidogo ili nipande kiasi cha kiganja hadi kwenye jicho la boga, nikitoa ili nishuke hadi mdomoni. Sijawahi kufanya zoezi lililonifundisha kutulia katikati ya maji kwa namna hiyo, hata Unguja.

Nilipofungua kifuniko na kuanza kukwangua, mbegu zilitoka moja moja na kupanda juu, nyeupe, zikipotea kwenye ule ukungu wa kijani. Nyuzi za ndani zilibaki zikipepea. Visamaki vyenye urefu wa kidole vilikuja kutoka kwenye nyufa za mawe, nikadhani ni furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, vikaanza kuzidonoa, na kimoja kikaingia ndani ya boga kupitia jicho la kushoto na kukataa kutoka nilipokuwa nikichonga la kulia. Furu wa ziwa hili walipungua vibaya baada ya sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, kupandikizwa katika karne iliyopita, na aina nyingi za furu hazionekani tena, kwa hiyo nilimwacha akae nikahamia kwenye meno.

Kuhusu usalama wa baada ya kuzamia, kampuni hii inastahili sifa ambayo sikuitarajia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za uzamiaji huhesabu mahali popote palipozidi mita 300 kuwa ni nyanda za juu, ambako mahesabu ya muda wa kukaa chini hubadilika kwa sababu mzamiaji anarudi kwenye hewa nyepesi. Kwa mita sita hatari ni ndogo, lakini kompyuta zao za kuzamia zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mwinuko huo, na nilikagua mwenyewe. Pia mtu mmoja alikuwa na tiketi ya ndege ya jioni ileile kwenda Dar es Salaam. Ushauri unaokubalika ni kusubiri angalau muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege kama umezamia mara moja, na muda wa saa 18 kama umezamia mara kadhaa. Walimweleza achague kati ya ndege na maji. Alilalamika sana, akataja fedha zake, na mwisho wakamrudishia zote pale pale gatini, akabaki kututazama.

Sifa hiyo waliipoteza wakati wa kurudi. Tuliingia majini kutoka kwenye boti, mbali na ukingo, jambo ambalo ni sahihi kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Lakini boti ilipotuleta, gati lilikuwa limezibwa na mitumbwi ya wavuvi, na badala ya kusubiri, nahodha akatushusha kwenye matete, maji yakiwa magotini, karibu saa sita mchana, saa ambazo vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Tulivuka hatua kama 40 tukiwa tumekwisha kuvua suti za mpira. Nilipouliza, niliambiwa, "Dada, si tumezaliwa hapa hapa?" Nimezaliwa hapa, na nimewahi kutibiwa kichocho nikiwa darasa la nne, kwa hiyo jibu hilo halikunifurahisha. Nimepanga kwenda kupimwa baada ya wiki kadhaa, kwani kupima mapema mno hakuonyeshi kitu, na ninapendekeza wenzangu wa siku ile wafanye hivyo.

Lipo na suala la mabaki. Vifuniko, nyuzi na vipande tulivyokata viliachwa chini kwa maelezo kwamba samaki watakula. Watakula kidogo, na kingine kitaoza. Maboga machache hayawezi kuliua ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini ghuba ile ni ndogo, maji yake hayatembei sana, na tayari yana rutuba kuliko yanavyohitaji. Wavu uleule uliobeba boga ungeweza kubeba na mabaki.

Chakula cha mchana kilikuwa ndani ya bei: sato wa kukaanga, ugali, na maboga yaliyopikwa kwa karanga, ambayo hayakuwa yale tuliyoyachonga. Mama aliyepika alitukatalia waziwazi alipoombwa ayatie sufuriani yaliyotoka ziwani, akisema boga lililokunywa maji ya matete halipandi jiko lake. Mbali na mimi, yeye pekee siku ile ndiye aliyekuwa na habari za kichocho.

Maboga yalipangwa juu ya ukingo wa gati ili yapigiwe kura. La kwetu halikushinda, kwa kuwa jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine na meno yalikuwa matatu tu. Nilipoliinamisha kumwaga maji, yule furu aliteleza kwenye mbao, akaruka mara mbili, na mzee wa dagaa akamwokota kwa vidole viwili na kumtupa ziwani bila kusema neno. Nitarudi kama watarudia Oktoba ijayo, nikiwa na msumeno wangu mwenyewe na mkanda wa kilo nne, na kutoka kwenye boti nitashuka gatini au sitashuka.