Leba ofisa wa wilaya: uzoefu wangu baada ya kufukuzwa kazi

Nilifanya kazi miaka 3 kwenye bohari ya mahindi karibu na mpaka, mashariki mwa Uganda. Usiku mmoja tajiri akanipigia simu: kesho usije. Hakuna barua, hakuna notisi, na mshahara wa mwezi uliopita alikuwa bado anao.

Dereva mmoja tuliyezoea kumpakilia ndiye aliyenielekeza makao makuu ya wilaya. Mimi nilidhani mambo ya kazi yanaishia Kampala, kwenye Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kumbe Sheria ya Ajira ya 2006 inataka afisa wa kazi, yaani leba ofisa, awepo wilayani pia, na sikutozwa hata shilingi.

Afisa niliyemkuta, mama mmoja, alinisikiliza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. "Mkataba uko wapi, mwanangu?" Sikuwahi kupewa. Nikamwonyesha meseji za mobile money, moja kila mwisho wa mwezi kutoka namba ileile, pamoja na daftari langu la magunia lenye sahihi ya mtoto wa tajiri. Alizisoma moja moja, akinakili tarehe kwa kalamu nyekundu. Meseji hizo ndizo zilizoniokoa. Tafadhali msizifute!

Akanieleza kwamba aliyefanya kazi zaidi ya mwaka 1 lakini hajafika 5 anastahili notisi ya mwezi mzima au pesa yake, na likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4. Mimi sikuwahi kupumzika hata wiki. Tena aliyefukuzwa bila haki alete malalamiko ndani ya miezi 3, kwa hiyo msikae nyumbani mkisubiri tajiri apoe.

Lililoniumiza ni hili: afisa huyo yuko peke yake kwa wilaya nzima, hana hata pikipiki. Barua ya wito nilibebeshwa mimi, nikaipeleka kwa mtu yuleyule aliyenifukuza, mikono inatetemeka. Siku ya kwanza tajiri hakutokea. Ya pili alikuja, baada ya kuambiwa kwamba afisa anaweza kutoa uamuzi, na asiyeridhika akakate rufaa Mahakama ya Viwanda, ile ya migogoro ya kazi.

Tulikubaliana kwa maandishi: mshahara, notisi na sehemu ya likizo, kwa awamu mbili. Zote zimeingia. Cheti cha utumishi, yaani karatasi ya kuonyesha kwamba nilimfanyia kazi, ambacho ni haki yangu nikikiomba, bado hajaniandikia, na Jumatatu narudi kwa yule mama.