Makaa ya mawe yaliyotelekezwa na mfuga kuku, nimeyatia kwenye tanuri la kufulia chuma

Mnaofua vyuma nyumbani sogeeni. Nimeokoa magunia mawili ya makaa ya mawe kwa jamaa mmoja hapa Dodoma, yeye aliyanunua apashie joto vifaranga, si mnaijua baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu, akawasha siku moja tu banda likajaa moshi asubuhi anaokota vifaranga vimekufa, basi akayatupa nyuma ya choo yakapigwa mvua misimu miwili. Kaniuzia gunia elfu 12. Kwa mkaa wa kawaida hela hiyo hata nusu gunia hupati aisee.

Kuwasha sasa. Usidhani utamwagia mafuta ya taa upulize yashike, wapi! Mi naanza na mkaa wa miti, ukishakolea nazungushia makaa ya mawe pembeni, nimeyaponda saizi ya ndimu, na ule unga wake naulowesha maji kabisa, halafu nazungusha feni taratibu (yangu ni ile ya rimu ya baiskeli). Kama robo saa ya mwanzo ni moshi tu, mzito wa njano unanuka kiberiti, mama jirani akaniita toka ukutani "we baba Jose unachoma matairi?" nikamwambia hapana mama ni makaa, akasema makaa gani hayo, na nguo kashaanika. Siku hizi nawasha saa kumi na mbili asubuhi kabla hajafua.

Moshi ukiisha ndo utamu. Yanavimba, yanashikana, yanabaki mabonge mepesi yenye vitundu, hiyo ndo koki, unaisogeza katikati huku unaongeza mabichi pembeni na moto unatulia sehemu moja, haurushi cheche hovyo kama mkaa. Kipande cha springi ya Land Cruiser kinafika rangi ya chungwa chapchap, jembe nililokuwa namaliza kwa debe mbili za mkaa limekula ndoo ndogo haijajaa. Ila usizubae! Nilipokea simu, kugeuka naona ncha inarusha vinyota kama fataki, imeungua tayari, nikakata inchi mbili nzima nikaanza upya.

Kero yake ni uchafu. Baada ya kama saa moja hivi moto unafifia hata uzungushe mpaka bega lichomoke, kumbe chini kwenye tundu la hewa majivu yameyeyuka yakaganda kama chupa. Acha papoe kidogo, livute na ndoano litoke bonge zima, moto unarudi. Mkaa wa miti hauna habari hizo, majivu yake upepo wa Dodoma unayamaliza. Halafu yana salfa, kuunganisha vyuma viwili kwa moto nimejaribu mara tatu yamegoma, nikarudi kwa mkaa wa miti ikakubali mara ya kwanza.

Kuna wenzetu Marekani wanaokota makaa yaliyobaki kwenye nyumba za zamani zilizokuwa zinapashwa joto kwa makaa, yale ya mashariki mwa jimbo la Pennsylvania ni anthrasaiti, magumu yanang'aa na moshi karibu hayana, ila ukiacha kupuliza tu yanazimika. Haya ya kwetu ya Ruvuma yana moshi sawa, lakini nenda kanywe chai urudi, utayakuta hai.

Kwa majembe, shoka na patasi nayapa nyota nne. Visu vya kupogolea zabibu naendelea na mkaa wa miti. Na msiwashe ndani jamani, vile vifaranga havikufa kwa baridi.

Kitu kingine, gunia la pili lilikuwa na mawe kabisa, mawe mawe, moja likapasuka kwenye moto likanirukia shati. Jamaa bado ana magunia manne, nimemwambia elfu 8 na tunayamwaga chini kwanza tuchambue, anasema atafikiria.