Serifu zilizobanwa: ipi uanze nayo, ipi uilipie

Serifu ni fonti yenye vijiguu, yaani vistari vidogo kwenye ncha za herufi; iliyobanwa ni ile ya upana mdogo, na kazi yake ni vichwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu: "Tunawakaribisha" likiwekwa kwenye kadi ya sentimita 10 kwa fonti ya upana wa kawaida, huenda ukalazimika kulipunguza ili litoshe. Fonti iliyobanwa huongeza kimo bila kula upana. Nguzo zake za wima ni nene, mistari ya mlalo na vijiguu ni vyembamba kama unywele. Uzuri wake uko hapo, na uharibifu huanzia hapo hapo.

Ya kwanza ni Noto Serif Display. Ni ya bure, iko Google Fonts, na leseni yake huria ya OFL inaruhusu kazi za biashara. Ina ngazi tisa za unene, italiki, na upana unaoshuka hadi asilimia 62.5 ya ule wa kawaida. Kwa kadi na majalada chukua Condensed, unene wa Medium. Ule wa Thin uuache kwa mabango. Kwenye Word sakinisha faili za folda ya static (faili moja kwa kila mtindo), kwa kuwa fonti-geuzi, yaani faili moja inayobeba mitindo yote, haitakupa upana wote humo.

Kwa sura tu, Instrument Serif ingeshinda. Nayo ni bure, ila ina mitindo miwili: wima na italiki. Ukibonyeza B, Word hunenepesha kingo kwa kubuni, na matundu ya "e" na "a" huanza kuzibika. Ukitaka uzito, ongeza ukubwa.

Ya tatu, Roboto Serif, haina madaha. Inafaa anwani na bei, kwa sababu mhimili wake wa ukubwa (mpangilio unaobadili umbo kufuata ukubwa wa herufi), pointi 8 hadi 144, hunenepesha mistari myembamba herufi zikiwa ndogo.

Za kulipia zije mwisho: Canela Condensed kwa majarida ya mitindo, au ITC Garamond Condensed, ndugu wa ile iliyobanwa ambayo Apple ilianza kuitumia 1984. Leseni ya kompyuta kwa kawaida haihusishi tovuti wala programu ya simu.

Usiminye fonti ya kawaida kwa kuvuta pembeni: nguzo hukonda, mistari ya mlalo hubaki ilivyokuwa, uwiano huvurugika. Chini ya pointi 18 tumia fonti nyingine, kama Roboto Serif. Maandishi meupe juu ya rangi nzito ni hatari zaidi, wino huvamia mstari mwembamba. Mstari mwembamba usishuke chini ya pointi 0.5 za unene, na nyeusi ya usuli iwe ya wino mmoja, si minne, maana sahani za uchapaji, moja kwa kila wino, zikipishana kidogo tu vijiguu hupotea.

Kabla ya kulipa, andika "ng’ombe" na "king’ora". Alama ikigusa herufi inayofuata, ongeza nafasi hapo peke yake. Kisha chapa kichwa kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile ya kazi. Skrini huficha mistari inayokatika.