Filamu za Kutisha na za Kisayansi Nilizozitazama Mara Mbili: Uzoefu Wangu

Kwa muda wa miaka miwili hivi nimejizoesha kuitazama kila filamu ya kutisha au ya bunilizi ya kisayansi mara mbili kabla ya kuitolea maoni. Mara ya kwanza huitazama katika jumba la sinema, gizani, pamoja na watu nisiowajua; mara ya pili huitazama nyumbani, peke yangu, nikiwa na vipokea sauti masikioni na huku mwisho wake ninaujua tayari. Nilianza mtindo huu baada ya kugundua kwamba nilikuwa nikizisifu filamu ambazo, mwezi mmoja baadaye, sikukumbuka chochote ndani yake isipokuwa mlango uliofunguka kwa kishindo na mimi mwenyewe nikiruka kitini. Kuruka kitini si kuogopa, kwa maana hata sufuria ikianguka jikoni mtu huruka. Hofu ninayoitafuta ni ile isiyojali kama unajua kitakachotokea, na nimeshangaa kuona ni filamu chache kiasi gani zinazobaki nayo siku ya pili.

Iliyolifaulu jaribio hili vizuri kuliko zote ni “Weapons” ya Zach Cregger, iliyotoka Agosti 2025. Kisa chenyewe kinaelezwa mwanzoni kabisa kwa sauti ya mtoto: usiku mmoja, saa nane na dakika 17, wanafunzi 17 wa darasa moja wanaamka, wanafungua milango ya nyumba zao na kukimbilia gizani huku wametanua mikono, wasirudi tena. Kesho yake mwalimu wao anaingia darasani na kumkuta mwanafunzi mmoja tu. Kutoka hapo hadithi inagawanywa katika sehemu, kila sehemu ikiwa na jina la mhusika mmoja, na kila mara inapokaribia kufichua jambo inakatwa na kuturudisha nyuma ili tuyaone mambo yale yale kwa macho ya mtu mwingine. Mara ya kwanza mpangilio huo ulinikera, kwa sababu nilitaka jibu na nilihisi ninachezewa. Mara ya pili nilikuwa na jibu mkononi, na hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli, kwa kuwa niliwaona watu wazima mmoja baada ya mwingine wakipita karibu na ukweli, wakiyaona madirisha yaliyozibwa kwa magazeti, kisha wakirudia shughuli zao na ugomvi wao. Uigizaji wa Amy Madigan, ambao siwezi kuueleza zaidi bila kumharibia mtu ambaye hajaiona, ulinichekesha mara zote mbili, na mara zote mbili nilijuta kwa nini nimecheka.

Filamu za aina hii zinadumu kwa sababu zina sharti, yaani kanuni moja ambayo hadithi nzima inaifuata, nami nimelithibitisha hilo kwa “A Quiet Place: Day One” ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Michael Sarnoski. Viumbe waliotoka angani hawaoni, bali wanawinda kwa kusikia. Anayetoa sauti anakufa. Sharti hilo lilikuwepo tangu filamu ya kwanza ya mwaka 2018, lakini hapa linapelekwa New York, na maandishi ya mwanzo yanatuarifu kwamba mji huo hutoa kelele za wastani wa desibeli 90, sawa na mtu anayepiga mayowe bila kukoma. Baada ya kusoma hivyo mtazamaji hahitaji kuelezwa zaidi. Lupita Nyong’o anaigiza mshairi mgonjwa wa saratani aliyebakiza siku chache za kuishi, ambaye wakati wengine wote wanakimbilia boti za uokoaji yeye anakwenda upande wa pili kutafuta piza. Nilipoitazama mara ya pili niliacha kuwaangalia viumbe kabisa nikawa namwangalia yeye tu, namna anavyolia kwa macho bila sauti, na nikaona kwamba filamu nzima imebebwa na uso huo. Nina lalamiko moja, nalo linamhusu paka wake. Mnyama huyo anapita katika vifusi, maji na umati wa watu bila kulia hata mara moja, na mtu yeyote aliyewahi kufuga paka anajua kwamba hilo ni jambo la kubuni kuliko viumbe wenyewe kutoka angani.

Hapa niseme jambo kuhusu kutazama nyumbani. Huduma ya filamu mtandaoni ninayoitumia huonyesha maandishi chini ya skrini kwa ajili ya wasiosikia vizuri, na huwa ninayawasha kwa sababu waigizaji wa siku hizi wananong’ona mno. Kwa mtu mwenye tatizo la kusikia ni msaada mkubwa. Kwa filamu ya kutisha, hata hivyo, maandishi hayo yanaweza kuwa balaa, kwa kuwa yanatangaza kwamba kuna hatua zinazokaribia sekunde nzima kabla hatua zenyewe hazijasikika. Sasa ninayazima hata kama nitakosa neno moja au mawili.

“28 Years Later” ya Danny Boyle, filamu ya mazombi iliyotoka Juni 2025, imenipa shida kuipima. Ile ya kwanza katika mfululizo huo, “28 Days Later” ya mwaka 2002, ilipigwa kwa kamera ndogo ya kidijitali ambayo picha zake zilikuwa na chengachenga, na uchafu huo ndio ulioifanya ionekane kama kanda iliyookotwa baada ya maafa. Safari hii Boyle alitumia kwa sehemu kubwa simu za iPhone, na wakati mwingine alizipanga nyingi kwa pamoja ili kuzunguka tukio moja. Katika jumba la sinema niliona wazo hilo limefanikiwa, hasa pale baba na mwanawe wanapokimbia usiku juu ya njia inayounganisha kisiwa chao na bara, njia inayofunikwa na maji kila bahari inapojaa, huku nyota zimetapakaa juu yao na jitu linawafukuza nyuma. Sikupumua. Nyumbani tukio hilo bado lilinishika, lakini kilichonigusa zaidi ni sehemu ya pili, mtoto anapompeleka mama yake mgonjwa kwa daktari anayeishi peke yake katikati ya mafuvu ya wafu. Ralph Fiennes anamwigiza daktari huyo kwa upole ambao sikuutarajia katika filamu ya mazombi. Baada ya upole wote huo, dakika za mwisho zinaingiza kundi la watu wanaopigana kwa sarakasi, kana kwamba mtu amebadilisha chaneli. Ninajua kwamba zilikuwa zikiandaa sehemu inayofuata, ile iliyoongozwa na Nia DaCosta, lakini mtazamaji aliyelipia filamu moja ana haki ya kupewa mwisho wa filamu moja.

Kwa upande wa vyombo vya angani, “Alien: Romulus” ya Fede Álvarez, ya mwaka 2024, ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Hadithi yake inaangukia kati ya filamu ya kwanza ya mfululizo wa “Alien”, ya mwaka 1979, na ya pili, ya mwaka 1986, na mwongozaji aliamua kutumia viumbe vilivyoundwa kwa mikono na kuendeshwa kwa mitambo mahali pengi, badala ya kuviacha vyote kwa kompyuta. Tofauti inaonekana kwa macho. Mwigizaji anapoguswa na kitu chenye uzito na ute, uso wake hubadilika kwa namna ambayo haiigiziki mbele ya pazia la kijani ambalo kompyuta hulijazia picha baadaye. Kilichoniudhi ni roboti lililopewa sura ya Ian Holm, mwigizaji aliyeigiza roboti katika filamu ya mwaka 1979 na kufariki mwaka 2020. Familia yake iliridhia, na kazi hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya toleo la nyumbani, jambo nililoliona nilipoitazama tena. Mdomo haukuwa ukitetemeka kama awali. Hata hivyo urekebishaji haukuniondolea kero, kwa sababu kero yangu haikuwa ya kiufundi. Filamu ina roboti jingine, linaloigizwa na David Jonsson aliye hai, na kila David Jonsson anapokuwa mbele ya kamera mtu anasahau kabisa kwamba kuna haja ya kumrudisha marehemu kazini.

“The Substance” ya Coralie Fargeat sikuitazama mara ya pili yote, nami ninalisema hilo kama sifa. Sharti lake ni jepesi: mwanamke anayezeeka anajichoma dawa inayomzalisha yeye mwenyewe akiwa kijana, na miili hiyo miwili inapaswa kupokezana kila baada ya siku saba, bila kuzidisha hata siku moja. Mtu yeyote anajua kwamba siku itazidishwa. Filamu ilipata Oscar ya mapambo ya uso na nywele mwaka 2025, na ilistahili, lakini lililonitoa kwenye kiti si damu wala nyama za mwishoni. Ni sauti ya Dennis Quaid akila kamba mezani, kamera ikiwa imebandikwa mdomoni mwake. Ukiwa na vipokea sauti masikioni, tukio hilo halivumiliki.

Na “Nosferatu” ya Robert Eggers ilinifundisha adabu. Niliiona kwanza mahali palipostahili, nikaisikia sauti ya Bill Skarsgård, anayeigiza mnyonya damu na aliyejifunza kuishusha kwa msaada wa mwimbaji wa opera, ikitoka kama inayochimbwa ardhini. Kisha nikafanya kosa la kuirudia mchana, mapazia yakiwa wazi. Filamu imejaa mishumaa na mwanga wa mwezi, kwa hiyo kwa saa mbili nilichokiona zaidi kwenye skrini ni uso wangu mwenyewe. Nililazimika kuirudia mara ya tatu usiku, na hapo nikaamini kwamba kosa halikuwa lake.

“Sinners” ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, inajengwa juu ya sharti la kale kabisa: mnyonya damu haingii ndani mpaka akaribishwe. Tuko Mississippi mwaka 1932, na Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili wanaofungua ukumbi wa muziki. Saa nzima inapita kabla ya jino kuonekana, na watu waliokaa karibu nami walianza kuwasha simu zao. Mimi sikuchoka. Mlango wa ukumbi ule unakuwa wa kutisha kwa sababu tumekwisha kuwajua walio ndani yake, madeni yao na mapenzi yao, na wanaobisha hodi nje wanaimba vizuri. Tukio ambamo kijana anapiga gitaa na muziki wake unawaita wahenga waliotangulia pamoja na wale ambao hawajazaliwa, wote wakicheza katika chumba kimoja, nimelirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa.

Filamu za kisayansi tupu zimepata tabu zaidi kwenye jaribio langu. “Dune: Part Two” ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2024, ilinipiga kifuani nilipoiona kwenye skrini kubwa, lakini nyumbani yule mnyoo mkubwa wa jangwani alipungua akawa mnyoo. Kilichobaki ni siasa yake, na pia jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analipata bila malipo: majina. Watu wa jangwani wanapomwita Paul, mhusika mkuu, “Mahdi” na “Lisan al-Gaib”, watazamaji wengine husikia maneno mageni ya sayari ya mbali, ilhali sisi tunasikia lisani na ghaibu, na tunaelewa mapema kwamba anayepewa majina hayo anatwikwa mzigo wa dini nzima. “Godzilla Minus One” ya Takashi Yamazaki, ya mwaka 2023, haikupungua hata kidogo, ingawa iligharimu chini ya dola milioni 15 na picha zake 610 za kompyuta zilitengenezwa na kikosi cha watu 35. Ilipata Oscar ya athari za picha mbele ya filamu zilizotumia fedha nyingi zaidi. Jitu lile, Godzilla, linatisha kwa kuwa rubani anayelikabili anaona aibu ya kubaki hai baada ya vita, na aibu hiyo haitegemei ukubwa wa skrini. Ama “Mickey 17” ya Bong Joon-ho, kuhusu mfanyakazi anayechapishwa upya kila anapokufa, nilicheka nusu ya kwanza, nikapotea katika nusu ya pili, na nyumbani nikaizima.

Kati ya filamu zilizopangwa kutoka mwaka 2026, tatu zinanihusu kwa sababu waongozaji wake nimewataja hapa. Cregger anatengeneza “Resident Evil”, na ninayo wasiwasi nayo, kwani mchezo wa kompyuta inaotokana nao, uliotoka mwaka 1996, ulitisha kwa kumfanya mchezaji mwenyewe ahesabu risasi zilizobaki. Mtazamaji hana risasi za kuhesabu, na sharti jingine litapaswa kutafutwa. Eggers anakuja na “Werwulf” wakati wa Krismasi, nayo nitaitazama usiku tu, nimeshatubu. “Dune: Part Three” imepangiwa Desemba, na kwa ajili yake nitauvunja mtindo wangu: nitaitazama mara zote mbili katika jumba la sinema, safu ya katikati, simu ikiwa imezimwa, ili nione kama mnyoo atabaki na ukubwa wake siku ya pili.