Wiki sita na Rust: ni lugha ya kuazima, si ya kukopa

Kwenye lugha za kuandikia programu za kompyuta, nimetokea kwenye Python, pamoja na C kidogo ya mwaka wa kwanza, ile ya kufaulia mtihani. Wiki sita zilizopita nilianza lugha nyingine, Rust, mwenyewe, usiku usiku hosteli, kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kwa hiyo haya ni maoni ya mwanafunzi, si ya fundi.

Kilichonifurahisha mapema kabisa ni kwamba ukishaipakua, bando likikata haikutupi. Unaandika amri ya rustup doc --book, kitabu kizima cha kujifunzia kinafunguka hapo hapo bila intaneti. Kwa sisi wa bando la siku, hiyo ni nyota moja tayari.

Mazoezi yangu yalikuwa daftari la madeni la mama, ambaye ana duka la vyakula Tanga. Nilitaka programu ya kumjumlishia nani anadaiwa kiasi gani. Kwa Python ingekuwa kazi ya jioni moja. Rust ilinila siku nne, na tatu kati ya hizo niligombana na kosa moja tu, lenye namba E0382.

Nilisoma orodha ya wadaiwa, nikaipa funksheni (kipande cha msimbo) ya kujumlisha, kisha nikataka kuchapisha majina kutoka orodha ile ile. Kompaila, ile inayokagua msimbo na kuugeuza kuwa programu, ikagoma. Lakini iligoma kwa adabu: ikanionyesha mstari nilipoitoa orodha, mstari nilipojaribu kuitumia tena, na chini yake ushauri wa namna ya kurekebisha. Yaani nimempa jirani sufuria moja kwa moja, halafu kesho nataka kuipikia. Dawa yake ni kuweka alama ya & mbele ya jina, basi unakuwa umeazimisha tu.

Mwenzangu wa chumbani huita jambo hili "kukopa". Mimi nakataa. Ukikopa kilo ya unga unarudisha kilo nyingine. Ukiazima sufuria unarudisha sufuria ile ile. Rust ni ya sufuria.

Tena ina sharti: wasomaji wa kitu kimoja wanaweza kuwa hata kumi, ila mwandishi ni mmoja, na akiwa anaandika hakuna ruhusa ya kuchungulia. Nilipomweleza mama kwa simu akacheka. "Sasa hilo nalo mpaka uende chuo, mwanangu? Mie nikishika daftari nafukuza watu wote kaunta."

C ingeniacha nitumie sufuria isiyo yangu hadi programu ianguke mbele ya msimamizi. Ndiyo maana sikushangaa kusoma kwamba kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kilichoandikwa kwa C tangu mwanzo, kilianza kuipokea Rust katika toleo la 6.1 la mwaka 2022. Lugha yenyewe si mtoto: Graydon Hoare aliianza 2006, na toleo la 1.0 likatoka Mei 2015.

Kero zipo. Maandishi tu yana aina mbili, String na &str, na usiku mzima niliumaliza nikibadilisha hii kuwa ile. Ukiongeza vifurushi viwili vitatu vya msimbo ulioandikwa na wengine, ukompaili wa kwanza unakupa muda wa kwenda kuchota maji na kurudi. Folda ya target, kompaila inakoweka matokeo yake, nayo ilivimba hadi GB 2 kwa programu isiyofika mistari mia mbili. Nimejifunza kuandika cargo clean, amri ya kuifuta, kila Ijumaa.

Naipa nyota nne. Juzi msimbo ulipita bila onyo hata moja, nikamtumia mama jumla kwa kujidai. Akanipigia baada ya dakika mbili: muuza maandazi alishalipa tangu Jumatatu, mbona bado namdai?

Nilisahau kuisoma safu ya malipo.